Njia ya Hamed bin Muhammed: Maisha ya Tippu Tip kwa Msomaji wa Ubundu

Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliondoka Unguja mwaka 1870 kwa biashara ya bara, na hakurudi hadi mwaka 1882. Katika miaka hiyo 12 alipita Unyamwezi, akazunguka upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, akafika Itabwa na Urua, akatawala Utetera, akaufikia mto Lualaba, akafanya makao yake Kasongo, kisha akaingia msitu wa kaskazini pamoja na Henry Morton Stanley. Njia hiyo yote ilikwenda kwa miguu, na kila kitu, kuanzia shanga hadi pembe za ndovu, kilipita juu ya bega au kichwa cha mtu.

Katika kitivo chetu tunamkuta mtu huyu kwanza kama mwandishi. Kitabu chake cha maisha ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika nathari ya Kiswahili, na hakuna mwanafunzi wa historia ya lugha hii anayeweza kukiruka. Mimi nimezaliwa Ubundu, kwenye ukingo wa Lualaba, mahali ambapo mto unaanza kuporomoka kuelekea Kisangani. Kwetu jina la Tippu Tip lilitangulia kitabu chake kwa miaka mingi, nalo halikuja kama jina la mwandishi. Kwa hiyo nimeona nisimulie maisha yake kwa kuzifuata njia alizopita, kisha nieleze kwa nini nadhani kitabu chake hakitoshi kutueleza lugha aliyoiacha nyuma yake.

Kijana wa msafara

Hamed alizaliwa Unguja mnamo mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyekaa sana Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, na huko alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ndoa hiyo ilimpa Muhammed heshima na usalama ambao wageni wengi hawakuupata. Mama yake Hamed alibaki pwani. Mtoto alikulia kati ya dunia mbili, ya jamaa wa Kiarabu wenye asili ya Maskati na ya bara iliyokuwa ikimtajirisha baba yake.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza safari fupi za biashara ya sandarusi pamoja na wajomba zake. Alipofika miaka 18 hivi alikwenda na baba yake Tabora, na kutoka huko akatumwa mbele zaidi, hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Baba yake alitaka kumkabidhi mtu mwingine mali hiyo, na kijana akagoma: ama apewe mwenyewe, ama arudi pwani. Alipewa. Kisa hiki anakisimulia yeye mwenyewe kwa kujivuna kidogo, na msomaji anaweza kuona hapo tabia itakayomwongoza maisha yake yote. Hakupenda kutembea nyuma ya mtu.

Ili tumwelewe ni lazima tujue msafara ulikuwa nini. Mbele alikwenda kirangozi, mwenye kushika bendera na kuijua njia, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu waliokuwa wameifanya kazi hiyo kuwa fani yao kabla ya Waarabu kufika kwao. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ndani ya mizigo mlikuwa na nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba nyeupe, baruti na bunduki. Wakati wa kurudi pwani mzigo ulikuwa pembe.

Kutoka pwani hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na msafara ulichukua takriban miezi mitatu. Katika Ugogo kila chifu alidai hongo, na siku nyingi zilipotea katika mashauri ya vitambaa. Baada ya Ugogo ilikuja Mgunda Mkali, pori kavu lisilo na watu, ambalo jina lake linatosha kuwa onyo. Huko watu walilazimika kuterekeza: kuanza mwendo mchana, kulala njiani bila maji, na kuendelea alfajiri hadi kisima kinachofuata. Aliyechoka sana aliachwa. Aliyeugua ndui aliachwa pia, kwa sababu msafara haukuweza kusubiri chakula kiishe.

Hamed aliipenda njia hii, na sioni sababu ya kulificha hilo. Katika maandishi yake hafurahii mji kama anavyofurahia kuondoka. Alikuwa na nyumba Unguja na alikuwa na wake, lakini kwa miaka mingi mahali pake palikuwa kambi.

Chui

Safari yake ya kwanza kubwa aliyoisimamia mwenyewe ilimfikisha Itabwa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru, kwa chifu Nsama. Nsama alikuwa na sifa ya kutoshindwa, na wafanyabiashara waliokwenda kwake kabla walikuwa wametoka wakikimbia. Mwaka 1867 mapatano ya biashara yaligeuka mapigano. Hamed alichomwa mishale, lakini bunduki zake zilishinda, na ghala ya pembe ya Nsama ikawa yake. Baadaye Daktari David Livingstone, aliyekuwa akizunguka nchi hiyo akiwa amepungukiwa na kila kitu, alikutana naye, akapewa chakula, bidhaa na watu wa kumwonyesha njia. Kwa hiyo Ulaya ilimjua Hamed kwanza kama Mwarabu mkarimu. Itabwa ilimjua kwa namna nyingine.

Ni katika vita hivyo ndipo lilipopatikana jina la Tippu Tip. Kwa maelezo yake mwenyewe ni mlio wa bunduki zake kama watu wa huko walivyousikia. Wengine wamesema linatokana na macho yake, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kupepesa kope. Maelezo yoyote tutakayoyachagua, jina ni tanakali: wenyeji walimwita kwa sauti au kwa mwendo, si kwa ukoo wake.

Jina lake jingine lina kisa kinachonisumbua zaidi. Katika mojawapo ya safari zake aliajiri wapagazi Uzaramo, wakapokea malipo, kisha wakatoroka wakaiacha mizigo. Hamed alirudi nyuma na watu wenye silaha, akaenda kijiji hadi kijiji akiwakamata watu, waliotoroka na wasiotoroka, pamoja na jamaa zao na wazee wao. Kwa hesabu yake mwenyewe, katika siku tano alikuwa na watu 800. Akawafunga, akawabebesha mizigo, na safari ikaendelea. Tangu hapo, anasema, Wazaramo walimwita Kingugwa, yaani chui, kwa kuwa chui hupiga huku na huku bila kuchagua.

Ukisoma kisa hicho darasani, unaweza kuhesabu vitenzi vyake na kusifu mwendo wa masimulizi. Kiambishi -ka- kinafuatana kama nyayo: tendo, tendo, tendo, bila nafasi ya kupumua. Lakini jiulize nani ni mtendaji na nani ni mtendwa. Watu 800 wapo katika sentensi kama yambwa tu. Hakuna anayetajwa kwa jina, hakuna anayesema neno, hatujui wangapi walirudi Uzaramo.

Hadithi iliyompa nchi

Safari ya mwaka 1870 iligharimiwa kwa mkopo. Mkopeshaji mkuu alikuwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Mfanyabiashara wa bara alikuwa mdeni kabla ya kuwa tajiri, na kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa riba. Hilo ni jambo la kukumbuka tunapoulizana kwa nini Hamed hakurudi kwa miaka 12. Alirudi alipokuwa na pembe za kutosha kulipa.

Baada ya kupita kwa Kazembe na Urua aliwaacha sehemu ya watu wake, akaelekea magharibi hadi Utetera, nchi iliyotawaliwa na mzee aitwaye Kasongo Rushie. Njiani alikuwa amesikia habari kwamba zamani mabinti wawili wa ukoo wa kichifu wa Utetera walitekwa vitani na hawakuonekana tena. Hamed alipofika alijitambulisha kuwa ni mjukuu wa mmoja wao: binti huyo aliuzwa, akafika mikononi mwa babu yake upande wa mama, akazaa. Kasongo Rushie, aliyekuwa mzee na bila mrithi wa kumridhisha, alimpokea kama damu yake na kumwachia utawala. Pembe zote za nchi zikawa haki ya mgeni.

Hamed hafichi kwamba hadithi hiyo aliitunga. Anaisimulia kama mtu anayeeleza biashara iliyokwenda vizuri. Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi hiki ni kisa cha kufikiriwa sana. Nsama aliangushwa kwa baruti. Utetera ilichukuliwa kwa nasaba ya kubuni, iliyosimuliwa kwa ufundi, mbele ya watu waliokuwa bado wanalia watoto wao waliopotea. Na hadithi ilifaulu kwa sababu ilikuwa na uwezekano: mabinti wengi kweli walitekwa, wakauzwa, wakazaa pwani. Mwongo alitumia jeraha la kweli.

Mwaka 1874, Nyangwe, alimkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron, akamsaidia kupata njia ya kusini. Mwaka uliofuata alikaa Kasongo. Huko Maniema palikuwa na Waungwana na Waarabu waliotangulia, na wote wakamkubali kuwa mkubwa wao.

Msitu

Mwezi Oktoba mwaka 1876 Stanley alifika akitafuta watu wa kumsindikiza kuufuata Lualaba kaskazini. Wakati huo Wazungu hawakujua kama mto huo unakwenda Naili au kwenye bahari ya magharibi. Wafanyabiashara wengi wa Nyangwe walikataa. Hamed alikubali kwa mapatano ya riale 5,000: kambi 60, si zaidi. Tarehe 5 Novemba waliondoka Nyangwe na kuingia msituni.

Mtu aliyezoea Ugogo na Unyamwezi alikuwa sasa katika nchi nyingine kabisa. Kule adui ni jua na ukosefu wa maji; hapa maji yako kila mahali. Miti inafunika mbingu, matope yanafika magotini, mizigo inaoza. Wapagazi wa Stanley walibeba mashua yake, Lady Alice, vipande vipande, na kila kipande kilinasa katika mizizi na kamba za msituni. Ndui na kuhara viliwaandama. Sisi tuliozaliwa kwenye msitu huo tunajua kwamba kilomita kumi za huku si kilomita kumi za Tabora. Muda si mrefu Hamed alitaka kurudi. Wakapatana upya, kwa kambi chache zaidi na fedha pungufu, na mwishoni mwa Desemba wakaagana Vinya Njara, juu ya mto, kabla ya maporomoko. Stanley aliendelea kwa mitumbwi, akayapita maporomoko saba mwezi Januari mwaka 1877, na mwezi Agosti akafika Boma karibu na bahari.

Hamed alitegemea zawadi kubwa. Katika kitabu chake analalamika kwamba alichokipata baadaye kutoka kwa rafiki yake huyo ni picha ya Stanley mwenyewe. Msomaji hucheka hapo. Lakini safari ile ilikuwa na bei nyingine iliyoonekana baadaye. Hamed alimfungulia Stanley mlango wa mto, na Stanley akarudi kwa mlango huohuo akiwa na mfalme wa Wabelgiji nyuma yake.

Wali wa Maporomoko

Aliporudi Unguja mwaka 1882 alikuwa tajiri mkubwa, na njiani alikuwa amefanya urafiki na Mirambo, mtawala wa Unyamwezi aliyekuwa amepigana miaka mingi na Waarabu wa Tabora. Sultani Barghash alimtaka arudi haraka bara kuishikilia Maniema kwa niaba ya Unguja. Alirudi mwaka 1883. Mwishoni mwa mwaka huo huo Stanley alijenga kituo cha mfalme Leopold kwenye maporomoko ya chini, mahali ambapo leo ni Kisangani. Watu wa Hamed nao walikuwa wakiushuka mto.

Hapa ndipo njia yake inapopita kwetu. Lualaba unapitika kwa mitumbwi kwa kilomita zaidi ya 300 kutoka Kindu, na safari hiyo inaishia Ubundu. Kutoka hapa mto unakatika mara saba katika kilomita kama 100, na mtu mwenye mzigo hana budi ateremke na kuuchukua, au amtegemee fundi wa maji wa Kigenia aliyeyazoea mawe. Mpaka leo Ubundu ni mahali pa kushusha. Treni ya kwenda Kisangani, kilomita 125, haina siku inayoaminika, na mara nyingi mali huenda kwa pikipiki au kwa baiskeli inayosukumwa, gunia juu ya gunia, na kijana akiwa nyuma yake anatoka jasho. Ninapowaona nawakumbuka wapagazi, ingawa najua tofauti: kijana wa baiskeli anarudi nyumbani na fedha yake.

Mwaka 1886 ugomvi kati ya watu wa Hamed na Mwingereza aliyekuwa mkuu wa kituo uliishia kwa kituo kuchomwa moto. Hamed mwenyewe hakuwapo, alikuwa safarini kwenda pwani. Serikali ya Leopold haikuwa na nguvu ya kupigana, ikaamua kumwajiri. Mwezi Februari mwaka 1887, mjini Unguja, alitia saini kuwa Wali wa Maporomoko ya Stanley, chini ya bendera ya Dola Huru ya Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Sharti lilikuwa azuie utekaji wa watumwa katika eneo lake. Chui alikuwa ameajiriwa kuchunga mbuzi, na waliomwajiri walijua.

Akapanda meli iitwayo Madura pamoja na Stanley na mamia ya watu, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakafika mlango wa mto Kongo mwezi Machi. Mtu aliyelivuka bara kwa miguu kutoka mashariki sasa aliingia kutoka magharibi kwa mvuke. Katikati ya mwaka 1887 alikuwa Maporomoko. Alikaa huko kama mtawala hadi mwaka 1890, na watu wake walilima mpunga, wakajenga nyumba za udongo na vibaraza, wakasali. Wali tunaoula Kisangani na Ubundu ni sehemu ya urithi wa wakati huo.

Lakini kazi ya uwali ilimharibikia pande zote. Stanley alimtaka wapagazi 600 wa kusaidia msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Hamed alichelewa, akatoa pungufu, na kundi la nyuma lililobaki Yambuya likafa kwa njaa, maradhi na ukatili wa viongozi wake. Stanley akamlaumu Hamed kwa yote na kumfungulia madai mahakamani Unguja. Waarabu wengine nao walimwona amejiuza kwa Wazungu. Mwaka 1890 aliondoka kwenda pwani kujibu madai hayo, akaugua njiani, akafika mwaka 1891. Hakurudi tena bara.

Vita vilizuka mwaka 1892. Ngongo Lutete, aliyepata kuwa mateka na baadaye jemadari mkubwa wa Hamed, alihamia upande wa Wabelgiji. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893, na mwaka huo huo Sefu, mtoto wa Hamed, akafa vitani. Ngongo Lutete alipigwa risasi na mabwana zake wapya kabla mwaka haujaisha. Katika vita hivyo alikufa pia afisa wa Kibelgiji Pierre Ponthier, na kituo cha juu ya maporomoko kikapewa jina lake: Ponthierville. Ndiyo Ubundu ya leo. Mji wangu ulibeba jina la mtu aliyekufa akipigana na watu wa Tippu Tip, hadi baada ya uhuru.

Mzee na kalamu

Miaka yake ya mwisho Hamed aliishi Mji Mkongwe, katika nyumba ya Shangani ambayo bado ipo, akiwa na mashamba na watumwa wengi. Mjerumani Heinrich Brode, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alimshawishi aandike maisha yake. Aliyaandika kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Brode aliyageuza kuwa hati za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Toleo la W. H. Whiteley la miaka ya 1958 na 1959 ndilo lililoyaingiza katika vyuo vya Afrika Mashariki. Hamed alikufa mwezi Juni mwaka 1905, kwa malaria.

Kitabu chenyewe kinafanana na mwenye kukiandika. Hakina maombolezo na hakina toba. Miaka inachanganyika, lakini majina ya machifu, siku za mwendo na uzito wa pembe vimekaa kichwani mwake kama katika daftari la duka. Maneno ni mepesi, sentensi ni fupi, na mtu aliyezoea nathari nzito ya siku hizi atashangaa jinsi Kiswahili cha Unguja cha zaidi ya miaka mia moja iliyopita kinavyosomeka. Wenzangu wa pwani husema kwamba hapo nathari yetu ilijifunza kutembea, nami sibishi. Ila nauliza ni nani waliokuwa wakitembea.

Jibu la kawaida ni kwamba Waarabu walileta Kiswahili Kongo. Ni jibu pungufu. Waarabu walikuwa wachache. Baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, mateka wengi wa Maniema hawakupelekwa pwani: walifanywa wapagazi, wakulima, askari, wake. Watoto wao walikua katika kambi na miji ya Kasongo, Nyangwe na Maporomoko, wakavaa kanzu, wakajiita Waungwana. Lugha yao ikaitwa Kingwana. Hao ndio waliokisambaza Kiswahili kwa kukizungumza sokoni, jikoni na mashambani, wakati bwana wao alikuwa anahesabu frasila.

Ushahidi uko midomoni mwetu. Sisi husema batu, si watu. Mutoto na batoto, si mtoto na watoto. Husema ku soko mahali ambapo sarufi sanifu inataka sokoni. Mtoto mdogo ni katoto, na wakiwa wengi ni tutoto. Mwalimu wa shule huweza kuyaandikia hayo kalamu nyekundu, lakini mwanaisimu anajua kwamba si makosa. Ni alama za lugha za bara, za watu waliojifunza Kiswahili wakiwa watu wazima, njiani, chini ya mzigo au chini ya amri, kisha wakakifanya chao na kukirithisha. Mwarabu wa Unguja hakuwa na haja ya kusema katoto. Aliyesema hivyo alikuwa na lugha ya mama yake kichwani.

Kwa hiyo ninapokisoma kitabu cha Hamed nakisoma pamoja na sarufi ya Ubundu. Kitabu kinatupa jina la bwana, tarehe na njia. Sarufi inatupa wale 800 wa kila mahali, ambao kitabu hakikuwapa majina. Hawakuandika chochote kwa wino, lakini namna yao ya kuunda neno bado inatamkwa kila asubuhi kwenye bandari ya Ubundu, miaka mingi baada ya bunduki za Itabwa kunyamaza. Anayemsoma Tippu Tip kwa ufundi wa masimulizi peke yake anasoma nusu ya hati. Na anayemkataa kabisa, kwa sababu ya damu iliyomwagika, anajinyima ushahidi wa jinsi mababu zetu walivyofika kuisema lugha hii.

Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya kifo chake, reli kati ya Kisangani na Ponthierville ilifunguliwa, kuyazunguka maporomoko saba. Iliyajengwa na mikono mingine isiyoandikwa. Kwa upande wa mto wa chini mvuke ulileta Lingala. Kwa upande wa juu misafara ilikuwa imekwisha kukileta Kiswahili. Lugha hizo mbili zilikutana kwetu, na mpaka leo mtu wa Kisangani huanza sentensi kwa moja na kuimaliza kwa nyingine. Jina la Ponthier limefutwa kwenye ramani. Mshahara wa pauni 30 umesahauliwa. Kingwana kimebaki, nacho kinangoja wanafunzi wa kitivo hiki waje wakiandike kwa uangalifu uleule ambao Hamed aliutumia kuandika uzito wa pembe zake.